Sokomtu, Jogoo na Homa ya Halima

Tangu turudi nimesimulia safari hii mara nyingi mno: kwenye chumba cha walimu, kwa mama wa mboga, na kanisani baada ya ibada huku mchungaji akisubiri kufunga mlango. Kila mara mtu hunikatiza palepale penye jogoo, anacheka hadi machozi, halafu anakwenda zake bila kusikia mwisho. Basi nimeamua kuandika, maana karatasi haikatizwi. Habari za ruhusa, mihuri na michango nitaziruka. Hizo zilinichosha hata mimi.

Chanzo cha yote ni ubao. Mnajua nafundisha Kiswahili na Sayansi darasa la sita hapa Kitengela. Siku moja katika somo la wanyama nilichora sokwe, nikampa mkia mrefu wa kujipinda mwishoni, na nikajisifu moyoni kwa kazi safi. Halima akainua mkono. Huyu ni binti wa yule mfanyabiashara wa mbuzi anayekaa nyuma ya msikiti, mtoto mwembamba ambaye akisema jambo halirudii.

"Mwalimu, sokwe haina mkia. Niliona picha, gazeti ya kufunga sukari."

"Labda mwenye duka alikata gazeti kabla ya kufika kwenye mkia," nikamjibu.

Darasa likaangua kicheko, na kuanzia siku hiyo wenzake wakamwita Mkia. Jioni nikafungua vitabu vyangu nikakuta mtoto amesema kweli tupu. Sokwe hana mkia hata wa dawa. Mwalimu mwingine angeingia darasani kesho yake akasema, "Jamani, nilikosea." Mimi nikaona ni rahisi zaidi kuwabeba watoto thelathini na mmoja hadi Nanyuki, kwenye makao ya sokwe waliookolewa, wajionee wenyewe. Ndivyo nilivyoumbwa.

Kitengela: barua iliyosomwa vibaya

Nilipoandika barua kwa wazazi, nilitaka waone kwamba mwalimu wa Kiswahili wa watoto wao si mtu wa mchezo. Katika kamusi kuukuu nilikuwa nimelikuta neno "sokomtu", jina la zamani la sokwe, nikalipenda. Nikaandika: "Watoto watapelekwa Nanyuki kuona sokomtu." Katibu wa shule, mtu wa kusaidia hata asipoombwa, alidhani nimesahau nafasi, akachapa "soko mtu". Nikatia sahihi bila kusoma.

Alfajiri ya safari watoto wakaja na magunia. Wakaja na vikapu, na karatasi zenye orodha: viazi, karoti, kitunguu, soksi za baba. Naserian, anayetoka kule Isinya, alikuwa amekumbatia jogoo mwekundu aliyefungwa miguu.

"Na huyu?"

"Ni ya koko," akasema, yaani bibi yake. "Amesema Nanyuki kuna wazungu wengi, niuze bei mzuri."

Nilikuwa sijaelewa bado. Nilielewa baba yake Halima aliposogea na koti lake refu, akanisalimia kwa adabu, akauliza, "Mwalimu, hiyo soko ya Nanyuki wanauza ngamia pia, ama ni mbuzi na kondoo tu?"

"Soko gani, Mzee?"

Akatoa barua yangu mfukoni, ameikunja mara nne, akaweka kidole. "Si wewe uliandika? Hapa. Soko. Halafu hapa, mtu. Mimi nimefikiria, mwalimu amefanya vizuri, mtoto ajue soko na ajue watu."

Mwalimu Parsaloi, mwenzangu wa safari, alikuwa ameegemea basi akicheka hadi akashika mbavu. Huyu ni mzaliwa wa Rombo, na kwao nyani huvuna mahindi kabla ya wenyewe. Tangu mwanzo aliipinga safari. "Unatoa watoto Kajiado uwapeleke mbali kuona nyani," aliniambia, "na kwetu ziko bure, zinakula shamba ya mama yangu." Nilipomwambia sokwe si nyani, alinijibu kwamba hiyo nimuulize mama yake.

Ikabidi nimweleze baba Halima kwamba hakuna soko, kuna wanyama. Uso wake ukabadilika. Halima alikuwa amesimama kando na mfuko wake wa anjera, ile mikate ya maji ya Kisomali, anamtazama baba yake, halafu mimi, halafu baba yake tena.

"Nyani?" mzee akauliza. "Safari yote hiyo, nyani?"

"Si nyani, Baba," Halima akasema polepole. "Haina mkia. Wanasema mimi ni mwongo. Nataka kuona na macho."

Mzee akafikiri. Akakunja barua akairudisha mfukoni. "Mtu akikuita mwongo, ni vizuri uende uone," akasema. "Nenda."

Nilitazama viatu vyangu. Aliyemfanya aitwe mwongo ni mimi, na mzee alikuwa akinishukuru.

Nairobi hadi Karatina: si moshi, ni mvuke

Nairobi tuliipita kukiwa bado na giza kidogo, watoto wakihesabu maghorofa na jogoo akiwika kila tulipokutana na taa nyekundu. Thika tukanywa chai. Baada ya Sagana barabara ilipoanza kupanda, wingu jeupe likatoka mbele ya basi.

"Moshi!" nikapiga kelele.

"Sio moshi, Mwalimu," akasema Mutiso, dereva wetu, kwa sauti ya mtu anayesoma hadithi. "Ni mvuke. Moshi ndio mbaya. Mvuke ni maji tu inatoka."

Maji yalitoka hadi yakaisha. Tukasimama, tukachota mtoni, tukajaza, tukaenda kidogo, tukasimama tena. Mutiso alifungua boneti mara saba, na kila mara alitingisha kichwa kama daktari asiyetaka kuwaambia jamaa habari. Tuliingia Karatina alasiri. Pampu ya maji ilikuwa imekufa, na nyingine ingetoka Nyeri kesho yake asubuhi. Huko makao ya sokwe walikuwa wakitusubiri saa nane ya siku hiyo.

Nilipiga simu shuleni, mwalimu mkuu akaahidi kuwafikia wazazi na kuomba huko Nanyuki watupokee kesho. Halafu simu yangu ikaishiwa pesa katikati ya sentensi, jambo lililoniokoa nisisikie maoni yake mengine.

Karatina: soko lenyewe

Sasa sikieni. Wale wazazi walikuwa wameandika orodha za soko, na Mungu akatusimamisha penye soko kubwa kuliko yote niliyowahi kuona. Viazi milima, kabichi milima, ndizi zimepangwa hadi barabarani. Watoto wakatoa magunia yao bila kuambiwa. Mwalimu Parsaloi akanitazama, akasema, "Barua yako haikuwa na makosa. Ni sisi tulikuwa hatujafika."

Ilikuwa Julai, na ukungu wa Karatina huingia hadi ndani ya mifupa. Mvua ile nyembamba isiyojulikana kama inanyesha au inapumua ilikuwa imeanza. Jogoo wa Naserian alitetemeka, manyoya yamelala, macho nusu. Wanunuzi walimtazama mara moja wakapita. Naserian akaanza kulia, kwa kuwa koko wake si mtu wa kurudishiwa jogoo.

Halima akaja. Akamkagua yule ndege, akamgeuza, akampapasa kifua kama anavyofanya baba yake mnadani. "Hii haina ugonjwa," akasema. "Ni baridi tu. Mnyama ikisikia baridi, watu wanafikiria ni mgonjwa." Akavua sweta yake, akamfunga jogoo hadi shingoni, akasimama naye katikati ya wauza kuku kwa blauzi ya mikono mifupi. Alisimama hapo muda mrefu. Mimi nilikuwa nikibishana na mwanamke mmoja juu ya karoti, na nilipogeuka nilimwona tu anacheka na mteja, meno yakigongana. Jogoo alipata joto, akainua kichwa, akawika, na mama mmoja akamchukua bila kuomba kupunguziwa. Nilijivunia mtoto yule. Kumwambia avae sweta sikukumbuka.

Usiku ule tulilazwa katika shule moja ya msingi kwa hisani ya mwalimu mkuu wake, mama mnene mcheshi aliyekusanya mablanketi kutoka kwa majirani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakuwa na subira hiyo. Saa ileile ya kwanza wanangu wote walikuwa wanamenya viazi. Alitupikia mukimo, viazi vya kupondwa na mboga, na nyama ya kuku. Halima akauliza kwa upole kuku kachinjwa na nani, na mpishi asiyeelewa swali akajibu kwa fahari, "Ni mimi!" Halima akasema basi yeye nyama hataweza. Mpishi akamshika paji la uso. "Maskini, ni tumbo?" Akamletea uji, halafu uji mwingine, halafu akasimama juu yake hadi akamaliza.

Asubuhi Halima aliamka anapiga chafya.

Nanyuki: langoni

Pampu ilifika, Mutiso akaifunga huku akiimba, na saa nane mchana tukawa Nanyuki. Mlima Kenya ulitoka wote mawinguni, na watoto wa Kitengela, waliozoea vilima vya Ngong tu, wakajazana madirishani upande mmoja. Halima hakuutazama mlima. Alikuwa kiti cha mbele, shingo mbele kama dereva wa pili, pua nyekundu, leso mkononi.

Langoni askari mmoja mama mwenye kofia kubwa akapanda ndani ya basi. "Karibuni. Kabla hamjaingia, kuna mtu ako na homa? Kukohoa, pua kutoka maji? Homa yetu inashika hawa sokwe. Sisi ni siku tatu tunapona. Wao wanakufa."

Hili sikulijua. Huenda liliandikwa katika zile karatasi nilizotia sahihi bila kusoma, maana nyinyi mnanijua sasa. Nilimtazama Halima. Nilikumbuka ubao, mkia, gazeti la sukari, koti refu la baba yake. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Hakuna," nikasema. "Wote wako sawa."

Askari akageuka kushuka. Nyuma yangu nikasikia sauti nyembamba iliyoziba puani.

"Mimi niko nayo."

Basi zima likageuka. Halima alikuwa amesimama, leso ameishika kwa mikono miwili.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata mlangoni. Askari alinitazama kutoka juu hadi chini. "Mwalimu," akasema, "na wengine umeficha wangapi?" Akawashusha watoto wote, akawapanga mstari, akakagua pua moja moja. Nilisimama pale mbele ya darasa langu nimeona aibu ambayo sijaiona tangu nikiwa mwanafunzi. Niliogopa atatufukuza sote. Alipofika mwisho wa mstari akasema thelathini waingie na mmoja abaki.

Nikamwambia Parsaloi awapeleke. "Mimi nitabaki na Halima." Sitawadanganya kwamba sikuumia. Nilitamani kuwaona wale sokwe tangu nikiwa mtoto kijijini kwetu, upande wa Kakamega, ambako tulijua nyani na mbega tu.

Ndani ya basi

Tukakaa kwenye ngazi ya basi, Mutiso amelala kiti cha nyuma na kofia usoni. Halima akafungua mfuko wake, akanikatia anjera. Ilikuwa ya tangu jana, imekauka pembeni, na tuliila yote.

"Kwa nini ulisema?" nikamuuliza. "Ungenyamaza ungeingia."

Akapangusa pua. "Mbuzi za Baba zikishikwa na homa, tunaita daktari ya mifugo. Na hizi ziko na mama zao? Ziliokolewa, si ni kumaanisha hakuna mama? Sasa nani ataita daktari?"

Nikasema lile nililolibeba tangu muhula ulipoanza. "Halima, ile habari ya mkia. Nilikosea."

"Najua, Mwalimu."

"Na pale langoni pia."

"Hiyo pia najua." Akanikatia kipande cha mwisho.

Saa moja ikapita, tukasikia vishindo. Watoto walikuja mbio, vumbi hadi magotini, wote wanasema pamoja. Sokwe mmoja amemrushia Mwalimu Parsaloi jiwe! Mwingine anakunywa maji kwa kiganja! Mbele yao Naserian, anahema. "Halima! Haina mkia! Tumeangalia zote, nyuma na mbele, haina!" Wakamzunguka, wakamshika mabega, mmoja akamwomba msamaha kwa niaba ya darasa. Hata Parsaloi alifika akijipangusa suruali, akasema hatawaita nyani tena, maana nyani wa Rombo hawana shabaha namna ile.

Halima akatabasamu akashukuru. Kisha akageuza uso pembeni, na mimi niliyekaa karibu nikaona machozi. Ushindi wa kuambiwa haukuwa ule aliomwomba baba yake. Alisema anataka kuona na macho.

Ng'ambo ya mto

Kilichomwokoa ni kelele za wenzake. Walikuwa wamemwambia mtunza sokwe kila kitu: jogoo, sweta, homa, hadi uongo wa mwalimu wao, ambao waliueleza kwa ufasaha ambao ningependa wautumie kwenye insha. Jamaa huyo, jina lake Mwangi, mtu wa makamo mwenye viatu vya mpira, akaja hadi basi.

"Ni nani alisema ukweli?" akauliza.

Tukamwonyesha.

"Ndani huwezi kuingia. Hiyo sheria mimi siwezi kuvunja," akamwambia Halima. "Lakini kuna kilima ng'ambo ya mto, mbali kabisa. Homa haifiki huko. Niko na darubini."

Mutiso akaamka kulalamika kuhusu giza na barabara. Parsaloi akamrudishia kofia usoni.

Tulipanda, sisi watatu. Njiani Mwangi alitueleza kuhusu bonobo, ndugu wa hawa sokwe, wembamba zaidi, wanaopatikana Kongo tu, kusini ya mto mkubwa. "Hapa kwetu dume ndio anatawala," akasema. "Kwa bonobo, wamama ndio wakubwa. Dume akileta kiburi, wanamkalisha chini."

"Kama kwetu," Halima akasema. "Lakini Baba hajui."

Kileleni Mwangi akatafuta kwa darubini muda mrefu, jua likishuka. Kisha akampa Halima, akamshika mabega akamwelekeza. "Ule mti mkubwa, peke yake. Juu. Wengine saa hii wanaingia kwa nyumba kulala. Huyo lazima kwanza atandike kitanda yake."

Halima akatulia. Bila darubini mimi niliona mti tu, mdogo kama brokoli.

"Anavunja matawi," Halima akasema. "Anakunja. Anaweka chini ya miguu. Sasa anakunja ingine. Anajaribu na mkono kama ni laini."

"Kila siku anafanya kitanda mpya," Mwangi akasema. "Aliletwa hapa mdogo sana, ndani ya boksi. Wenye kumwuza walikuwa wameua mama yake. Sokwe anafundishwa kutandika na mama. Huyo alikuwa analala chini, kwa mchanga, miaka mingi. Halafu siku moja akaanza kuangalia wengine. Akaanguka, akajaribu tena. Sasa hakuna mwenye anamshinda."

Chafya ilimjia Halima, akaizima ndani ya leso, akarudi kwenye darubini. Sijui tulikaa pale muda gani. Hatimaye akanipa ile darubini, bado ina joto la mikono yake.

"Sasa wewe, Mwalimu. Haraka, kabla hajalala."

Nikamwona. Mweusi, mgongo wa mviringo, amekaa juu ya matawi yake. Aliongeza jani moja pembeni, kama mtu anayeondoa mkunjo kwenye shuka. Kisha akalala chali, akaweka mkono mmoja chini ya kichwa, akatazama anga. Nililia. Nasema wazi kwa sababu Halima aliniona na mtasikia kwake.

Tulipokuwa tunashuka nikaanza kumshukuru Mwangi, na Halima akanigusa mkono. "Shhh, Mwalimu." Mti ule ulikuwa mbali kiasi kwamba hata kengele ya shule isingefika. Lakini nikashusha sauti, na Mwangi naye akashusha yake, tukaagana kwa kunong'ona.

Kwenye basi walikuwa wanaimba, wanagonga viti, wanatupiana karoti za Karatina. Halima akapanda ngazi, akasimama mbele yao, akaweka kidole mdomoni.

"Amelala," akasema.

Na watoto thelathini wakakaa chini, wakafunga mabegi yao taratibu bila kuyabamiza, Mutiso akawasha injini kwa upole kama anaomba radhi, na hakuna aliyesema neno hadi tulipopita Naro Moru.